Vyuma vya Kuanikia Kanga

Maskati

Mdogo wangu Bakari,

Asalaam alaykum. Hujambo, na watoto hawajambo? Kabla ya yote niambie la mama: goti limepoa tangu alipoanguka pale chooni? Macho je, ukungu umezidi? Mimi mwili mzima. Moyo ndio una homa, na sikufichi, ni wivu.

Kanda ya mama imenifika. Niliisikiliza jikoni nikikuna nazi, mwanzoni nikalia kwa kuisikia tu sauti yake. Kisha nikaanza kuhesabu: Mwanaisha hivi, Mwanaisha vile. Mkeo kakibomoa kizingiti cha chooni, kakifanya mteremko wa saruji. Mkeo kafunga kamba ya katani ukutani toka kitandani hadi chooni, fundo moja penye mlango, mawili penye mteremko, na kaizungushia matambara isimchome. "Kaniambia, mama nyoosha mkono, akapiga msumari hapo hapo. Sasa sitoki Makorora, Bakari asinitajie tena kuhamia kwake Usagara." Akacheka! Mimi aliyenizaa nikatajwa mwisho: "Na vyuma vyako, mwanangu, vinang'aa. Tunaanikia kanga."

Kuanikia kanga, Bakari! Vyuma vile ni sawa na vya bibi ninayemhudumia hapa, anavishika akiingia kuoga. Nilimbembeleza fundi wa huku mwezi mzima anikatie viwili. Nikavifunga ndani ya blanketi, nikavituma, nikamshukuru Mungu kuwa siku hizi kwenu ni ruksa, mtu haulizwi kaleta nini.

Siku tatu nilimnunia mkeo, yeye hana habari. Nikasema, huyu kaja juzi, mama yangu anamjulia wapi? Nani aliyekuwa akimsuka? Nani aliyepanga naye foleni ya sukari tangu alfajiri, miaka ile ya dhiki? Leo kamba ya magunia imeshinda vyuma vyangu! Siku ya nne nikairudisha kanda nyuma, nikasikia maneno yaliyonipita kwa hasira: "Viko juu, mkono haufiki."

Bakari, ule utepe wa kipimo niliokutumia pamoja na vyuma, nikakuandikia fundi wa huko avifunge kwa urefu huo, asipunguze hata inchi moja, nilijipimia mwenyewe, toka sakafuni hadi begani. Mimi na mama si tulikuwa kimo kimoja? Tukigawana doti, hakuna aliyekunja pindo. Miaka tisa sijamwona. Nimempimia mama niliyemwacha, na huyo hayupo tena humo ndani. Fimbo ya mbali haiui nyoka, walisema kweli.

Basi nakuomba jambo, na ulifanye wewe, si yeye. Msimamishe mama ukutani, umpime kwa uzi toka kisigino hadi utosini, uukate, unitilie kwenye bahasha. Nataka niujue sasa, nilie huku huku, siku nikirudi nimkumbatie bila kushtuka.

Shikamoo yangu mpe mama sikioni. Nisalimie shangazi yetu mwuza vitumbua, na mwalimu wa chuo anayewasomesha watoto. Wifi yangu msalimie mwisho, kama nilivyotajwa mimi. Wivu haujaniisha, asidhani. Ila vile vyuma avishushe yeye. Mkono wa mama anaujua.

Ni mimi dada yako,
Zaituni