Shikamoo ya Juu ya Baiskeli

Jumatatu, 3 Machi
Nimepita tena njia ya waenda kwa miguu, Bombambili hadi Majengo, kreti za mikate nyuma. Nimetukanwa mara mbili. Watukane. Barabarani malori ya makaa ya mawe hayana macho, na bodaboda ndiyo usiseme. Bora matusi kuliko jeneza.

Jumatano, 5 Machi
Nimemgonga mtu. Bibi Kandida, jirani yetu. Alikuwa anatoka sokoni.
Mkubwa hasalimiwi ukiwa juu ya baiskeli. Unashuka. Mama alinifundisha hivyo kwa fimbo. Leo nimechelewa, nikaona nisishuke, niiname tu, mkono kifuani, "Shikamoo bibi". Mkono wenyewe ndio wa breki. Kreti zikaniyumbisha, nikamwingia mzima mzima.
Nyonga imevunjika. Ningepita kimya, sasa hivi angekuwa kwake, ananisema kwa majirani.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda hospitali na chupa ya uji. Osmund, mwanawe, akanizuia mlangoni mwa wodi.
"Unakuja peke yako? Kwenu hakuna wazee?"
Kweli. Kosa la namna hii husemewa na mzee wa ukoo, mwenye kosa anakaa nyuma kanyamaza. Nilijua. Haraka zangu tena. Mjinga mimi.

Jumamosi, 8 Machi
Baba mdogo amekuja kutoka Maposeni, mguu mbovu, kofia mkononi. Ameniombea msamaha kwa Kingoni, kwa upole mpaka nikaona aibu. Osmund kasikiliza hadi mwisho.
"Tumekusikia, baba. Ila aliyeumia ni mama. Hatuwezi kumsamehea sisi."
Nisimwone mpaka yeye mwenyewe aseme amenisamehe. Na homa imempanda, haongei.

Jumapili, 9 Machi
Misa yote sikusikia neno. Namwomba Mungu amponye. Halafu najikamata: namwombea yeye au najiombea mimi? Nataka aseme tu. Hata asipopona, aseme. Nimeandika hivyo na sifuti. Ndivyo nilivyo.

Jumanne, 11 Machi
Amefariki alfajiri. Hakusema.
Baiskeli iko nje, inanyeshewa. Sitaki kuiona.

Alhamisi, 13 Machi
Tumemzika.
Asubuhi wanaume wa mtaa walikwenda kuchimba. Nikawafuata, nikasimama pembeni, sijui kama naruhusiwa. Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyenikaribisha. Osmund akaja kuangalia shimo limefika wapi. Akachukua jembe la mtu mmoja, akaninyooshea bila kunitazama.
Nikaingia. Udongo mwekundu, umelowa, mzito. Zamu yangu ikaisha, nikaendelea. Wakaniita, nikaendelea. Nilikuwa nalia, nadhani waliona.
Mwisho Osmund akachuchumaa ukingoni, akanipa mkono.
"Inatosha, ndugu yangu. Toka sasa."
Nikaushika, nikatoka.