Miche Arobaini ya Ibrahimu

Soni, Lushoto
Jumatatu

Kaka yangu Kristian,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Raheli na watoto hamjambo huko Muheza, na mguu wa wifi umeshapona. Sisi huku ni wazima, baridi tu ndiyo inatutesa. Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza, na safari hii sitaki kukatizwa. Nimekasirika, kaka.

Nasikia Alhamisi unapanda huku kumshtaki Ibrahimu kwenye baraza la kata, ati alikuuzia miche mibovu ya parachichi. Kwa simu zako umeshamtangaza soko zima la huku. Jana nilimkuta amekaa na miche yake tangu asubuhi, hakuna aliyeinama hata kuitazama. Mtu amelea miche miaka kumi na tano, wewe umemmaliza kwa wiki moja!

Hebu tukumbushane. Ibrahimu alikuomba umwachie yeye kazi ya kuibebesha ile miche arobaini ya shamba lako la huku, yaani kuipandikizia vikonyo vya parachichi bora. Ukacheka. Ukasema ya nini kumsumbua mtu wakati una dada fundi cherehani, kazi yenyewe ni kukata na kufunga, na mkono uliokata kola miaka ishirini hautashindwa na kijiti. Nilikwambia miti siijui. Ukasema fundi ni fundi. Ndivyo ulivyo siku zote. Emanueli alipofundisha kwaya vizuri ukamkabidhi ng'ombe wako, ati anajua kusikiliza. Ng'ombe wako wapi leo?

Na kweli nilikata vizuri. Vikonyo vyote arobaini vilishika, nikavimba kichwa. Nilikuwa nimezungusha mikanda ya plastiki kwa kubana, safi, hakuna uwazi hata wa kupitisha sindano. Ibrahimu alipanda kuja mara mbili kuniambia kidonda cha mti kimeshaunga, niikate mikanda kabla shina halijanenepa. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia mimi nikishona sifumui. Kwenye nguo anayefumua ni aliyekosea, na mimi sikuona nilipokosea. Mashina yakanenepa, mikanda ikayakaba, na upepo wa mwezi wa nne ukayavunja pale pale nilipofunga.

Sasa sikia linaloninyima usingizi. Uliponipigia kuuliza, niliona aibu, nikakujibu kwamba miche ilikuwa mibovu. Neno hilo ni langu, kaka. Wewe ulilibeba tu, tena bila kupanda kuja kuangalia hata shina moja, na kwa hilo sijakusamehe. Mwenyewe pia sijajisamehe.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Ibrahimu nikamweleza yote. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama naweza kuyasema hayo mbele ya watu. Nikarudi nyumbani, nikashika kalamu.

Jibu langu ni hili. Ukiipeleka kesi Alhamisi, utanikuta nimekaa upande wake, na nitasema ni nani aliyefunga, ni nani aliyenituma kufunga, na ni nani aliyesema uongo. Ukiiacha, basi siku ya soko tutasimama wawili, mimi na wewe, tumwombe radhi kwa sauti ile ile uliyomtangazia. Chagua, lakini mimi nitasema.

Msalimie sana wifi. Gauni la kipaimara la mwanenu Glory limekwisha, nitampa dereva wa basi alishushe Mombo mlichukue hapo. Mungu awalinde nyote.

Ni mimi mdogo wako,
Yunis