Honi ya Kona ya Mwisho

Uspallata, 6 Julai

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai kifua kimeacha kukusumbua. Mimi mzima, ila chakula hakipiti. Dereva wetu Quiroga ameteleza kwenye barafu akavunjika mguu, na mwenye leseni aliyebaki ofisini ni mimi, karani wa kuandika majina ya wageni. Jumamosi nitawapandisha mlimani kutazama ndege. Bwana Arancibia, mwenye ofisi, kasema kondori, wale tumbusi wakubwa wa milimani, wasipoonekana safari hii tena, safari za majira ya baridi zinafutwa, na mimi nafutwa nazo. Halafu ile barabara, baba! Wewe uliipita na lori miaka mingi. Nifanyeje?

Binti yako,
Yamila

8 Julai

Yamila mwanangu,

Marahaba. Kifua kimetulia. Mama yako anasema kula. Funga minyororo kwenye magurudumu kabla ya theluji, siyo ukishakwama kama wajuaji wa mjini. Breki iguse kama unamgusa paka aliyelala. Na kona ya mwisho, penye kibanda cha yule Marehemu aliyekufa kwa kiu, pale tunapomwachia chupa za maji, piga honi. Madereva wote tunamsalimu. Ukipita kimya, usiniambie.

Baba yako

10 Julai

Baba,

Shikamoo. Honi haiwezekani. Bwana Arancibia amekataza hata kukohoa garini, ndege wasishtuke.

Yamila

14 Julai

Baba,

Shikamoo, niko hai!

Tulimwona mbweha. Mgeni wetu, Bibi Ofelia, mwenye darubini kubwa kuliko kichwa chake, akasema, "Mbweha ninaye nyumbani, nimeolewa naye." Guanako, wale ngamia wadogo wasio na nundu, wakatutazama kwa dharau. Kondori, hakuna. Bwana Arancibia akawa ananuna tu. Tukafika kona ya mwisho, upande wangu korongo tupu. Kibanda kikatokea, chupa zimeganda, na mkono wangu ukapiga honi wenyewe.

"We mtoto, umerogwa?" akafoka Bwana Arancibia.

"Hebu nyamaza, mzee! Tazama!" akadakia Bibi Ofelia.

Kwenye genge chini ya kibanda kondori walikuwa wakiinuka, mmoja, mwingine, mwingine, wamevaa kola zao nyeupe za manyoya, wakapita usawa wa dirisha langu. Nilisikia upepo wa mbawa. Bibi Ofelia analia huku anacheka. Bwana Arancibia amekanyaga mikate yetu yote.

"Piga tena!" akaniambia.

"Hapana, bwana. Walikuwa wamejibanza kwa baridi hii. Moja ni salamu, ya pili ni usumbufu."

Akarudi kitini. Mimi nimemkalisha, baba! Safari zinaendelea, na usukani ni wangu hadi Quiroga apone.

Binti yako,
Yamila

17 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako ameichukua barua yako, anawasomea majirani. Miaka yote ile nilipiga honi pale, macho barabarani, mzigo nyuma. Sikujua kuna kitu kinaruka. Gari lenu lina nafasi?

Baba yako

19 Julai

Baba,

Shikamoo. Nafasi ipo, kiti cha mbele. Vaa soksi za sufu. Honi utapiga wewe, moja tu. Barabara niachie mimi. Wewe angalia dirishani.

Binti yako,
dereva