Tikiti za Mjomba Salehe

Bigwa, Morogoro
26 Ramadhani 1332

Mpendwa kaka Stambuli,

Shikamoo. Nakusalimu wewe na wifi Asha, na nauliza kama kile kifua chako kimepata nafuu. Sisi huku wazima, tunafunga salama. Mama magoti yanamsumbua, lakini bado anapanda mlimani kutazama migomba yake, hasikii la mtu.

Tikiti uliyoipata kwa yule baharia huko Tanga imefika. Mjomba Salehe aliipokea kwa mikono miwili, akaipeleka kwa mwalimu Dominiko wa misheni asomewe mji na mwaka, kisha akaitia mkebeni pamoja na nyingine. Uliniuliza mzee wetu anazitakia nini tikiti kuukuu za maonyesho ya Wazungu. Sasa najua, na kujua kwenyewe kumezidi kunichanganya.

Mwezi huu alisikia kuwa maonyesho makubwa yanatengenezwa Dar es Salaam. Akaagiza tikiti mapema, akaniambia nifuatane naye. Gari la moshi lilipopita Ngerengere, akanieleza jambo ambalo hata mama halijui.

Sisi tuliambiwa kwamba alikwenda Ulaya kumpikia bwana wake. Sivyo, kaka. Huko Berlini yeye na wenzake walijengewa vibanda vya udongo ndani ya uzio, wakaamriwa watwange, wapike na wale, Wazungu wakipita kuwatazama. Jioni watu wakienda zao, tikiti zilibaki majanini. Mjomba akaziokota.

"Mimi ningezichoma," nikamwambia.

"Kila mmoja wao alirudi kwake na sura yangu," akasema. "Nami nilitaka nirudi na kitu chao."

"Na hizi za maonyesho ambayo hukuwamo?"

"Huko nako walikuwamo watu, Mwanaheri."

Nikatazama dirishani mpaka tukafika.

Mji tuliukuta umejaa askari. Mdachi na Mwingereza wameanza kupigana, na maonyesho yamevunjwa kabla ya kufunguliwa. Langoni alikuwapo askari mmoja, mtu mzima.

"Shikamoo, mzee. Rudini nyumbani, hapa hakuna kitu tena."

"Marahaba. Tikiti ninayo," mjomba akasema, akaitoa.

Yule askari alimtazama, akaitazama tikiti. Sijui alifikiri nini. Akaichana, akamrudishia kipande, akasogea pembeni. Mimi nikabaki nje.

Nilimwona mjomba akipita taratibu kati ya mabanda ambayo hayajaezekwa. Nyuma kabisa palikuwa na kibanda cha udongo chenye uzio. Akainama mlangoni, akachungulia, akasimama hapo muda mrefu hata nikaogopa. Alirudi macho yamelowa, lakini uso umekunjuka.

"Umeona nini, mjomba?"

"Nyumba," akasema. "Haina mtu. Alhamdulillahi."

Kisha akauliza wapi tutapata tende za kufuturu.

Kaka, mimi sielewi. Watu wanalia habari za vita, yeye anamshukuru Mungu kwa kibanda kitupu. Na tangu turudi, nikimpelekea uji nainamisha kichwa. Sijui tena kama kumtazama ni mapenzi, au ni kama walivyomfanyia wale. Jana aliligundua hilo. Akaniwekea mkono begani, akasema, "Nitazame, mwanangu. Wewe hukukata tikiti."

Nikamtazama. Amezeeka, kaka, kuliko nilivyodhani.

Wewe uliyekaa na watu wa kila namna, nieleze unavyoona. Na ukisikia mizinga huko pwani, usingoje kushauriwa. Mchukue wifi mje huku milimani.

Mama na mjomba wanakusalimu sana. Abasi na Furaha nao wanakusalimu. Msalimie wifi na jirani yenu Modesta. Mola awafikishe Idi mkiwa salama, na atukutanishe tungali hai.

Ni mimi dada yako akupendaye na kukukumbuka,

Mwanaheri