Tangawizi Yako, Nakuuliza Tena

Kibondo, sokoni

Dada yangu Godeliva,

Amahoro, dada. Umeamkaje wewe, wameamkaje watoto, na goti la Mama linaendeleaje na baridi ya huko? Huku mvua inapiga asubuhi, halafu mchana jua linawaka kama halijaona kitu. Mimi mzima. Nakula vizuri, kifua kile cha mwaka jana hakijarudi, na Mama Zuhura mwenye duka hanigombezi bila sababu. Nikisikia mtu wa kwetu Muyama kaja sokoni huwa najisogeza karibu nimsikilize, labda atawataja nyinyi. Kumsalimia ndo naona aibu.

Barua hii nampa kondakta wa basi la Kasulu, yeye atampa mtoto wa jirani yetu mwenye bodaboda. Ningepiga simu, lakini unanijua. Kwenye simu mimi nasema yego, yego, kila kitu ndiyo, mpaka salio linaisha na nilichotaka kusema bado kiko kooni. Mwandiko uuvumilie, unajua shule niliishia wapi.

Ni habari ya tangawizi. Tulipoongea mara ya mwisho ulisema haiuziki kwa simu, gunia la unga ulilonitumia nimelikalia tu, na wewe umechoka. Ukasema iliyobaki ndani utampa yule mlanguzi wa lori akija, kwa bei yake anayotaka, halafu shamba unang'oa unapanda mihogo. Nikakuuliza, sasa mimi nifanyeje? Ukasema, "Tuache tu, Nestori, nitakutafuta." Nikasema sawa. Tukaishia hapo. Sasa ngoja nikueleze yaliyotokea huku tangu siku hiyo, halafu nina swali.

Mdogo wake Mama Zuhura, anaitwa Hamdani, alikuja kumsalimia dada yake. Yeye yuko Dar, anauza nguo kwa simu, hana hata fremu ya duka. Akanikuta napiga picha pakiti zako za unga wa tangawizi naziweka kwenye stetasi na kwenye makundi. Akaniuliza, "Wanaona watu?" Nikamwambia wanaona wengi tu. "Wananunua?" Nikaanza kufuta vumbi kwenye pakiti. Akachukua boksi la biskuti, akalichana, akachora kitu kipana juu, chembamba chini.

"Juu huku ni wanaoiona picha. Katikati ni wanaouliza. Chini hapa, hawa wachache, ndo wanaolipa. Sisi tunaiita faneli."

Mimi nikamwambia, kaka, kwenye faneli ya mafuta ya taa yote yanatoka chini.

Mama Zuhura alikuwa anapima mchele. Alicheka mpaka akaweka kopo chini. "Haya, Hamdani, mjibu Muha wangu!"

Hamdani naye akacheka. "Kweli. Hii yetu ina matundu ubavuni. Ndo maana ukimwaga picha kila siku huku juu hutafika popote. Tafuta kwanza panapovuja. Lete simu."

Nikampa, dada, huku jasho linanitoka. Akawa anapandisha meseji moja moja. Akafika kwa mama mmoja wa Kasulu, ana mgahawa wa chai karibu na stendi. Huyo mama aliuliza vizuri sana: inatoka wapi, imechanganywa na unga mwingine, pakiti kubwa ipo? Mwisho akaandika, asante mwanangu, nitakutafuta.

"Na wewe ulimjibu nini? Soma kwa sauti."

Nikasoma. Sawa mama, Mungu akubariki, usiku mwema.

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Mchana."

"Jamani!" Mama Zuhura akapiga kofi. "Kijana kamzika mteja mchana kweupe!"

Wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka, ingawa uso ulikuwa wa moto. Hamdani akaendelea kupandisha. Nitakutafuta. Nitakutafuta. Ngoja nione, nitakwambia. Na kila mmoja nilimpa Mungu akubariki nikamwacha aende. Hapo ndipo palikuwa panavuja, dada. Juu palikuwa pazima. Wanaouliza walikuwa wengi kuliko nilivyodhani.

"Mbona hukuwarudia?"

Nikamwambia, si wamesema watanitafuta? Nikamweleza kwetu ilivyo. Mama alivyotulea, mtu akisema atakuja, wewe unakaa unamngoja. Ukimfuata, ama unaombaomba, ama umemwona mwongo. Unakumbuka alivyotuchapa tulipokwenda kwa baba mkubwa kuuliza mara ya pili habari ya mbuzi tuliyeahidiwa. Hamdani hakucheka hapo. Akasema, "Hiyo ni adabu, usiiache. Lakini mtu anayesema nitakutafuta ana sababu yake. Hela hana leo, au ana shaka na kitu, au kasahau. Hujui ni ipi mpaka umuulize. Usimbane. Muulize kama mtu anayetaka kusaidia."

Nikaandika kwa yule mama: ulisema utanitafuta na hujanitafuta. Hamdani akaona. "Futa! Hiyo ni barua ya polisi." Nikafuta. Nikaenda nyuma kupanga ndoo ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nikarudi, nikaandika: Amahoro mama, ni Nestori wa tangawizi ya Muyama. Uliniuliza pakiti kubwa. Kuna kitu kilikutia shaka nikueleze? Nikatuma, nikaifunika simu kwenye gunia la maharage.

Ikalia. Ilikuwa meseji ya sauti. Mama Zuhura akaifungua kwa sauti kubwa, tukasikiliza wote:

"Weee mwanangu, si nilidhani umeshanichoka! Umenitakia usiku mwema mchana, nikasema huyu kafunga duka. Mimi nilikuwa nataka kujua, hiyo tangawizi yako haikatishi maziwa? Maana ile mbichi iliniharibia sufuria nzima wateja wamekaa. Nikaona haya kukuuliza, nikasema ataniona mama mzima sijui kupika chai."

Basi, dada. Yeye anaona haya huko, mimi naona haya huku, na tangawizi yako katikati inakaa gizani.

Hilo la maziwa mimi sikuwa najua kulijibu kwa akili yangu. Nilimjibu maneno yako wewe, yale uliyokuwa unamwambia mke wa mchungaji: itie kwenye maji kwanza, ichemke sana, maziwa yaje mwisho. Akanunua moja ajaribu. Maziwa hayakukatika. Akaagiza tena, kubwa na ndogo, kwa sababu wanaokunywa kwake wanataka na za kubeba. Na sasa chini ya picha nimeandika hilo hilo la maziwa, na watu wanaouliza halafu wakapotea wamepungua. Kumbe wengi walikuwa wameungulia kwenye sufuria moja.

Sikudanganyi kwamba wote wamekubali. Kuna baba mmoja alinijibu, "Nimeshanunua kwingine, acha kunisumbua," nikashinda siku nzima sina raha ya kushika simu. Wengine wamesoma wakanyamaza. Hamdani aliniambia hao waache, hiyo ndo faneli, haitoki yote. Na walionunua nawasalimia baada ya muda, nawauliza ilikuwaje, sipigi debe. Wengine ndo hapo wanasema, enhe, umenikumbusha. Mtu aliyekwisha kunywa tangawizi yako hanisumbui kumweleza.

Hamdani ameshaondoka. Kile kipande cha boksi nimekibandika ukutani nyuma ya mlango, Mama Zuhura akitaka kunitania anakionyesha. Lakini pakiti zako amezitoa chini akaziweka kwenye rafu ya mbele, karibu na majani ya chai. Na gunia limefika mwisho, nikiingiza mkono nagusa mshono.

Sasa swali langu. Siku ile uliposema tuache tu, nitakutafuta, mimi nilikufanyia kama nilivyomfanyia yule mama. Nilidhani umemaliza, nikakuaga. Sikukuuliza ni kitu gani. Nimekaa nikafikiri sana, nimekumbuka hata sauti yako ilivyokuwa, ulikuwa unapumua kama mtu aliyeinama. Ni kutwanga, dada? Ni mgongo? Maana tangu ujifungue huyu wa mwisho sijakusikia ukilalamika, na wewe ukinyamaza ndo inauma. Kama ni hilo, usitwange tena hata kidogo. Nitumie iliyokauka hivyo hivyo, nyuma ya soko hapa kuna mashine, nitaisaga mimi na kuipakia mimi. Kama ni shemeji ndo amechoka kusubiri, msomee barua hii yote, hata pale waliponicheka. Na kama ni kitu kingine nisichokijua, niambie, sitakuona vibaya.

Ila lori la mlanguzi lisiikute tangawizi ndani, nakuomba. Na usiing'oe kabla hujanijibu.

Msalimie sana Mama, mwambie sijaacha adabu yake, nimejifunza tu kuuliza kwa upole. Msalimie shemeji Kizito mume wako, na watoto, hasa yule anayeniita mjomba wa simu. Mama mdogo wa Rungwe Mpya akija kanisani mwambie kitenge alichoniagiza nimekiona, bado naogopa kumuuliza muuzaji kama rangi inatoka. Nitamuuliza.

Mungu awalinde huko kwenye ukungu wenu. Na wewe dada, nilitaka kumaliza kwa kusema sawa, usiku mwema, lakini sasa hivi ni mchana, na sitaki kukuaga. Nakungoja. Ukinyamaza, nitakuuliza tena.

Mdogo wako,
Nestori