Kifuu cha Watu wa Bara

Makorora, Tanga
Mei, 1956

Kwa mama yangu mpenzi, huko Ushongo,

Shikamoo, mama. Je, mguu umepoa? Sisi tu wazima, ila mimi usingizi nimeusahau. Zuhura ananyonya kama anayekimbizwa.

Umetuma neno kuwa hutakuja kwenye akika yake ikiwa wale manamba bado wamepanga chumba chetu cha uani. Nakuomba unisikilize kwanza.

Nilikwenda hospitali na Benedikta, mke wa huyo mpangaji wetu Laurenti, mkata mkonge, kila mmoja na kichanga chake. Upande wa Wazungu kuna viti na pangaboi; sisi tuliketi chini hata jua likatukuta. Nikanung'unika njia nzima. Tulipofika nyumbani akaomba maji, nikamtilia katika kile kifuu kinachowekwa kando, kama ulivyonifunza kwa watu wa bara. Akanywa, akanirudishia, akaniuliza huku akicheka, eti nami aniite memsahibu, kama bibi wa Kizungu?

Nilicheka, lakini swali lilinigandia. Nikamuuliza jirani yetu Bi Asmahani kwa nini hatunywi nao chombo kimoja. Akasema wale hula panya. Nikamuuliza kama amewaona. Akasema kaambiwa na shangazi yake, na shangazi mwenyewe hajavuka Muheza! Nikamuuliza mume wangu. Msafiri akasema huko bandarini kazini kwake Waafrika wana bomba lao la maji na Wazungu lao, naye hajui hao Wazungu waliambiwa nini na shangazi zao.

Sasa kaa kitako, mama. Benedikta alishikwa na homa, akalazwa, maziwa yakamkauka. Mwanawe, Asheri, akakataa maziwa ya kopo, akalia hata sauti ikamkatika. Maziwa yangu yakatoka yenyewe, yakanilowesha kanga. Msafiri akaniridhia, nikampakata, akanyonya mpaka akashiba. Na hadi leo anapokezana na Zuhura. Dini waijua kunishinda: huyo sasa ni ndugu yake wa kunyonya. Ni mwanangu. Ni mjukuu wako.

Benedikta amerudi, bado dhaifu. Siwafukuzi, mama; na akika bila wewe haitanoga. Njoo. Ila kile kifuu usikitafute. Nimekitia mpini, kimekuwa upawa, na mchuzi wa watu wote tutaupakua kwa hicho hicho.

Wajukuu zako wawili wanakuamkia.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Semeni