Maji ya Chujio Lako

Kihanga, Karagwe

Kaka Gaudiosus,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu nikikupigia simu kila mtu hapa nyumbani anasikia. Kahawa imeanza kuiva. Mama nilimwona juzi, goti tu ndilo linamsumbua.

Lile chujio ulilotuletea kutoka maabara yako ya chuo, lenye chembe za madini ya fedha zisizoonekana kwa macho, watu walilipenda. Majirani wote wakawa wanachota maji kwetu. Wiki iliyopita mtoto wa jirani yangu Umutesi alitapika na kuharisha mpaka akalegea. Watu wakajaa uani kwetu wamekasirika, wakiyalaumu maji ya chujio.

"Profesa anatujaribia dawa zake," Umutesi alisema huku analia. "Wewe mwenyewe unayanywa?"

Nilijaza kikombe nikanywa mbele yao. Siku zote nayanywa, lakini safari hii niliyanywa kwa hofu. Wakaondoka.

Mtoto amepona. Zahanati walimkuta na malaria, na Umutesi amekuja kuniomba radhi.

Ila mimi silali vizuri, kaka. Ulisema chembe hizo zinaua vijidudu. Sikukuuliza zikitoka kwenye chujio zikaingia mwilini zinafanya nini. Nina mimba changa. Hata mume wangu Projestus sijamwambia, maana zile mbili zilizoharibika zilimvunja moyo.

Tafadhali nijibu kama mwanakemia, si kama kaka anayetaka kunituliza.

Mdogo wako anayekungoja,
Noela